Chai Isiyo ya Rangi

Sogea karibu kidogo, maana jambo hili si la kupaza sauti. Linahusu utumbo, na watu wetu wakisikia utumbo huanza kucheka au kutazama pembeni. Cheka tu, haidhuru. Mimi mwenyewe nilicheka kabla ya kuogopa. Ninachokuomba ni usiondoke katikati, kwa sababu mambo haya ukiyasikia nusu yanaweza kukuponza kuliko usipoyasikia kabisa. Mimi niliyasikia nusu.

Miaka ile niliishi Mayfair, hapa Johannesburg, katika chumba cha uani. Kazi yangu ni fundi friji. Ulikuwa wakati wa umeme kukatwa kwa zamu mji mzima, na umeme ukikatwa hivyo, ukirudi hurudi kwa kishindo na kuua kompresa. Maduka ya Wasomali, mabucha, vibanda vya spaza, yaani viduka vya mitaani, wote walinihitaji. Kwa hiyo nilijulikana. Nikitembea kwenda msikitini salamu zilinifuata mlango kwa mlango: fundi, habari, fundi, lile friji la soda limeanza tena kulia. Nikirudi chumbani na kufunga mlango, nilikuwa na viti viwili, na kimoja kilikaliwa na nguo zangu. Mke wangu alikuwa ameshindwa na huku, akarudi Tanga, na baada ya muda tukaachana kwa heri. Wanangu walikuwa Dar es Salaam na maisha yao. Wiki nzima ingepita bila mtu kuniita kwa jina langu.

Sasa nikueleze kilichonipeleka hospitali. Kaka yangu mkubwa, wa tumbo moja na mimi, alifia Tanga. Alianza kwa kuona damu chooni. Kila aliyemweleza alimpa jibu lile lile: bawasiri. Neno hilo kwetu ni kama kapu. Damu yoyote inayotoka nyuma hutupwa humo na kufunikwa. Akanyweshwa mizizi, akakatazwa pilipili, akaambiwa asikae kwenye saruji ya baridi. Alipokuja kupasuliwa, ilikuwa ni saratani ya utumbo mpana na imekwisha kufika kwenye ini. Alizikwa mimi sipo. Niliitikia dua kwa simu, nimesimama nyuma ya duka la mteja, sauti ya shehe ikikatika na kurudi.

Basi siku nilipoona damu na mimi, sikusema bawasiri. Sikusema kitu, maana wa kumwambia hakuwepo. Nilikwenda zahanati, muuguzi akanisikiliza habari ya kaka, akaniandikia kwenda hospitali kubwa, kwenye chumba cha kamera.

Kamera yenyewe ni hivi. Ni mrija mrefu, mwembamba kama kidole, unapinda kila upande, na mbele una taa na jicho. Unaingizwa kwa njia ya haja kubwa, unasukumwa taratibu mpaka utumbo mpana unapoanzia, kisha unavutwa kurudi. Daktari anatafuta vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa ndani. Saratani ya utumbo mara nyingi haianzi kuwa saratani. Huanza kuwa kinyama kidogo kisichouma, ambacho kinaweza kukaa miaka mingi kabla hakijageuka. Kikionekana wakati huo, hukatwa papo hapo kwa kitanzi cha waya kinachopita ndani ya mrija ule ule, na ugonjwa unakuwa umezuiwa kabla haujaanza. Niliposikia hivyo, jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba kaka yangu aliwahi kuwa na siku ambayo chake kilikuwa kidogo.

Aliyenieleza yote haya alikuwa sista wa chumba kile, mama wa Kizulu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliniita Baba, nami nikamwita Sista, kama huku wanavyowaita wauguzi wote. Tulielewana kwa Kiingereza ambacho si cha kwake wala si changu. Alinipa unga wa dawa wa kuchanganya na maji, dawa ya kuharisha, ili utumbo ubaki mtupu. Akasema siku nzima kabla ya kipimo nisile, ninywe tu vitu visafi, visivyo na rangi, hasa nyekundu. Akauliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo. Nani husema hapana? Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu.

Hapo ndipo palipoharibika, na wewe Mswahili mwenzangu huenda umeshaona.

Kwetu chai ni mbili. Kuna chai ya maziwa, na kuna chai ya rangi. Chai ya rangi ni ile kavu, majani na maji na sukari, ya mtu asiye na maziwa au mwenye haraka. Toka utotoni nimeijua kwa jina hilo. Mimi nikisikia Kiingereza, nakibeba mpaka nyumbani kwangu na kukifungua kwa Kiswahili. Nilipofungua maneno ya Sista, nilikuta ameniambia nisinywe cha rangi. Nikatii. Chai ya rangi niliiacha kabisa, ingawa ndiyo ninayoipenda. Nikanunua maziwa, nikayachemsha vizuri yawe safi, nikatia majani na tangawizi, nikachuja mara mbili kisibaki hata kipande cha jani. Nikanywa kutwa nzima, kikombe baada ya kikombe, nikijipongeza kwa nidhamu.

Walitaka pia mtu mzima wa kunisindikiza, kwa sababu utapigwa sindano ya usingizi na huruhusiwi kurudi nyumbani peke yako. Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mlinzi wa usiku. Alitoka zamu asubuhi, hata sare hajavua, akasema, "Papa, tuende tu. Miye nitalala kule kule." Na kweli alilala, kwenye kiti cha kungojea, mdomo wazi, kofia ya kampuni imefunika pua.

Nilipozinduka, daktari alikuwa amesimama miguuni pangu. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ndogo, na alinitazama machoni alipokuwa akisema. Alisema ameshindwa kuona. Utumbo wangu haukuwa na uchafu mkubwa wa kuziba njia. Ulikuwa na kitu kibaya zaidi, utando wa rangi ya krimu uliopaka ukuta, ukioshwa hapa unarudi pale.

Nikamwuliza kama basi nina kitu au sina.

"Ningeweza kuandika kwamba sikuona kitu, na ingekuwa kweli," alisema. "Lakini sikuona kitu na hakuna kitu si jambo moja. Nikikupa jibu hilo utalala vizuri miaka mingi, na huenda hupaswi."

Ukitoka na kipande kimoja tu cha maelezo haya, kitoke hicho. Kipimo kibaya kina hatari zaidi kuliko kutopimwa, kwa sababu asiyepimwa bado ana wasiwasi wake, na wasiwasi huo unaweza kumwamsha siku moja. Aliyepimwa vibaya amenyang'anywa hata huo.

Sista alivuta kiti. Nilijiandaa kugombezwa. Badala yake akaniambia, "Baba, niambie ulichokunywa, kikombe kwa kikombe."

Nikamwambia. Nilipofika kwenye maziwa akanisimamisha na kuuliza kwa nini maziwa.

"Ulinikataza cha rangi," nikasema.

"Na maziwa?"

"Maziwa hayana rangi, Sista. Chai ya rangi ndiyo yenye rangi."

Akavaa miwani yake, kana kwamba ataniona vizuri zaidi. Akauliza hiyo chai ya rangi ni nini. Nikamweleza: maji, majani, sukari, bila maziwa. Akamgeukia daktari, kisha akarudi kwangu na kusema polepole kwamba hiyo ndiyo aliyotaka ninywe. Yeye alisema visafi akimaanisha vile ambavyo ukivimimina kwenye glasi unaona upande wa pili. Rangi alizokataza ni nyekundu na zambarau, ambazo ndani ya utumbo hufanana na damu. Maziwa hakuyataja kwa sababu hakufikiri kuna mtu angeyadhania.

Jirani yangu alikuwa ameamka na kusikia yote. Akavua kofia.

"Watanzania muko na mambo," alisema. "Chai ya maziwa haina rangi? Papa, ile chai yako iko na rangi ya barabara ya Bukavu wakati ya mvua."

Sista hakuelewa maneno, lakini alielewa uso wangu, akacheka, na mimi nikacheka, kitanda kikatikisika. Nilikumbuka baadaye kwamba ilikuwa zamani sana tangu nicheke na watu wawili kwa wakati mmoja.

Sikupangiwa kusubiri miaka. Daktari alisema nirudi mapema nafasi ikipatikana, kwa sababu ya kaka. Siku chache kabla ya tarehe mpya Sista alinipigia simu. Hakuuliza kama nimeelewa. Aliuliza, "Utakunywa nini, Baba? Niambie wewe." Nikaanza: maji; chai ya rangi bila maziwa; supu ya kuku iliyochujwa, mchuzi tu, nyama na mboga nje; maji ya matofaa yanayopitisha mwanga. Dawa yenyewe, nusu jioni, nusu alfajiri ya siku ya kipimo, kwa sababu usiku kucha utumbo mwembamba unateremsha ute wake na kuupaka tena ukuta ulioachwa safi. Akanirudisha nyuma palipokosewa, nikarudia. Akaniambia kwamba tangu chai yangu ameacha kuuliza swali la umeelewa, maana kila mtu hujibu ndiyo. Siku moja tu baada ya kubadilisha, mama mmoja wa Kizulu, lugha moja na yeye, alimwambia kwa furaha kwamba atakunywa amasi, yale maziwa mgando yao, kwa sababu ni meupe kabisa.

"Kwa hiyo si Waswahili peke yetu," nikasema.

"Si ninyi peke yenu," alisema. Kisha akauliza, "Nani anakuja na wewe?"

Nikasema nitamwambia.

Mlinzi wa Bukavu alikuwa amehamishwa kulinda mgodi huko Rustenburg. Alinigongea asubuhi moja akiwa na begi, tukapeana mikono, na chumba chake kikachukuliwa na vijana ambao sijawahi kujua hata walikuwa wangapi. Nikaanza kupitia watu kichwani. Mzee wa duka la vitambaa? Hawezi kufunga duka. Ndugu zangu wa Tanga walioko mjini? Mmoja alikuwa mbali upande wa Alexandra, na tulikuwa tunaonana Idi mpaka Idi. Safu ya mbele msikitini? Ningesema nini? Tafadhali nisindikize, nakwenda kuingizwa kamera nyuma?

Hata hivyo nilijaribu. Kulikuwa na Msomali mwenye duka la jumla ambaye friji zake zote nazijua kama viganja vyangu. Nilikwenda kwake mchana, wakati hakuna wateja. Akanikaribisha, akaniita ndugu yangu, akanipa soda, akaanza kunitania kwamba fundi akija bila kuitwa basi anatafuta mke. Nikacheka. Nikafungua mdomo nimweleze, na nilichosikia mwenyewe nikisema ni kwamba mpira wa mlango wa friji lake la nyama umelegea. Ulikuwa umelegea kweli. Nikaubadilisha, nikamaliza soda, nikaaga. Niliposimama kwenye roboti kungojea taa iniruhusu kuvuka, nilijua kwamba salamu ninazo nyingi na mtu sina.

Nikampigia Sista nikamwambia ukweli: hakuna. Sikutaka anionee huruma, na nadhani alilijua hilo, kwa sababu aliendelea kwa sauti ya kazi. Akasema bila msindikizaji hawawezi kunipa sindano ya usingizi, lakini kipimo chenyewe kinaweza kufanyika nikiwa macho. Kitabana, kama gesi nyingi tumboni. Naweza kusema simameni wakati wowote na watasimama. Watu wengine huchagua hivyo kwa hiari yao. "Na mimi nitakuwa kichwani pako," alisema.

Ndiyo maana nikaweza kukuhadithia kilichofuata. Kama ningekuwa na mtu, ningekuwa nimelala.

Walinilaza ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, shuka imefunika kila panapowezekana. Skrini ilikuwa mbele yangu. Sista alisimama kichwani na kuweka mkono begani kwangu, si wa kubana, mkono tu. Nikikuambia kwamba huo ndio mkono wa kwanza wa mtu kutulia juu yangu kwa miezi mingi, zaidi ya kupeana salamu, usinionee huruma. Nataka tu ujue kwa nini sikusema simameni, hata pale pa kona ya kwanza ambapo tumbo lilisokotwa mpaka jasho likanitoka.

Nilitazamia kuona uchafu. Nikaona njia ya waridi inayong'aa, yenye mikunjo ya duara moja baada ya nyingine, mishipa midogo kama mizizi ya nyasi. Kimiminika kilichobaki kilikuwa kama maji ya mvua kwenye bakuli, unaona mpaka chini. Daktari alisema, "Safari hii umeniwashia taa." Akasukuma mpaka mwisho, mahali utumbo mwembamba unapomimina ndani ya mpana, akapiga picha. Picha hiyo, akanieleza, ni ushahidi kwamba amefika. Asiyefika mwisho hawezi kusema amepima utumbo wote.

Nilidhani kazi imekwisha, sasa anatoka. Hapana. Kazi ndiyo ilikuwa inaanza. Sista akabonyeza saa ukutani, na daktari akaanza kuvuta mrija polepole kuliko nilivyofikiri mtu anaweza kuwa na subira. Kila mkunjo aliupita, akasimama, akarudi nyuma yake, akaupekua kama mtu anayetafuta sindano kwenye pindo la kanzu. Palipokuwa na povu, Sista alimpa dawa fulani ya matone, akaipuliza na maji, povu likafa. Hilo lilinishangaza. Sisi mafundi friji tunapaka povu la sabuni kwenye bomba kusudi, ili lituonyeshe gesi inavuja wapi. Povu ni rafiki yetu. Kule ndani ni pazia.

Nilimwuliza Sista saa ni ya nini. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba wanajipima wenyewe. Mara ngapi wanafika mwisho, wanatumia muda gani kurudi, na kati ya watu wanaowapima ni wangapi wanaokutwa na kinyama. "Daktari ambaye hakuti kitu mara kwa mara," alisema, "haina maana kwamba wagonjwa wake wana bahati." Daktari akasikia, akasema bila kugeuka kwamba huko nyuma ya kichwa chake kuna watu wanamsengenya.

Waliniomba nigeuke chali. Ukigeuka, hewa na maji vinahama ndani, na kona iliyojikunja inafunguka. Nikageuka, Sista akishika shuka yangu isianguke. Daktari alikuwa amekwisha kupita mahali pale mara moja. Akarudia. Akausukuma mkunjo kando kwa ncha ya mrija, akasimama.

Mimi sikuona kitu. Ukuta ule ule wa waridi. Akaosha. Ute mwembamba ukang'oka kama gamba la maziwa yaliyopoa, na chini yake pakawa na kitu bapa, kipana kama kucha ya kidole gumba, rangi moja na ukuta wenyewe, ila mishipa midogo ilikuwa inafika ukingoni pake na kukatika.

"Unakiona?" aliniuliza.

"Nakiona sasa."

"Siku ile kilikuwa hapa hapa. Kilikuwa chini ya maziwa."

Mkono wa Sista ukabana bega langu. Nikauliza kama ni saratani. Daktari alisema anavyokiona bado si saratani, lakini macho yake si hakimu, maabara ndiyo hakimu. Anachoweza kufanya leo ni kukitoa chote. Akapitisha sindano ndefu ndani ya mrija, akadunga maji ya buluu chini yake, na kile kitu bapa kikainuka juu ya mto wa buluu, kikatengana na ukuta wa nyuma ili waya usije ukachoma utumbo. Akatanua kitanzi, akakizungushia, akabana. Sikusikia chochote. Ndani kule hakuna hisia ya kukatwa. Kilianguka, kikafyonzwa na kuingia kwenye chupa ndogo ambayo Sista aliinyanyua kwenye mwanga nikione. Kisha daktari akakagua kingo za kidonda, pande zote, kwa muda mrefu, kama kimebaki kipande.

Nilivaa nguo zangu, nikaelezwa dalili za hatari: damu nyingi, maumivu makali, homa, nikiona moja kati ya hizo nirudi mara moja. Nikarudi nyumbani peke yangu. Barabarani nilikuwa natazama nyuso za watu nikiwa na hamu ya kumwambia mmoja wao, yeyote. Nimetolewa kitu. Nilifika Mayfair, muuza mbogamboga akaniuliza habari za kazi, nikasema nzuri.

Kungojea majibu kulikuwa kurefu kuliko kipimo. Nitakupunguzia: kilikuwa cha aina inayogeuka. Kilikuwa hakijageuka. Kingo zilikuwa safi. Daktari alinitaka nirudi baada ya miaka mitatu, kisha akaniuliza nina ndugu wangapi. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, vikaniishia, akashangaa. Nikagundua tena kwamba nimebeba Kiingereza nyumbani. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, wa mama mkubwa ni ndugu, hata yule wa Alexandra ni ndugu. Nikamwambia asubiri, nihesabu wa tumbo moja tu. Tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa kaburini, mmoja yupo mbele yake. Aliyebaki alikuwa dada yetu mdogo, Tanga.

"Huyo ndiye ninayemtaka," alisema daktari. "Anahitaji kupimwa hata kama hana dalili yoyote. Na apimwe vizuri."

Nilimpigia dada yangu siku ile ile, alasiri, nimeondoa nguo kwenye kiti cha pili na kuketi hapo, sijui kwa nini. Aliponisikia akaanza kwa utani, kwamba Johannesburg imemkumbuka. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe, taratibu, tangu damu mpaka chupa. Alipojua kamera inaingilia wapi akasema astaghfirullah, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Kaka, na umri huo? Ukawaachia?"

"Nikawaachia. Na nilikuwa macho."

"Hiyo ilikuwa bawasiri tu, wamekuonea."

"Ndivyo tulivyomwambia kaka," nikasema.

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akiita kuuliza ufunguo. Nikadhani amekasirika. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako, kaka?"

Sikuwa nimelia kwa daktari wala njiani. Nikashika simu mbali kidogo na uso. Dada yangu akangoja. Kisha akasema yeye pia hana wa kwenda naye, mumewe ameshatangulia na mabinti wako kwa waume zao, na hawezi kumweleza mtu wa mtaani. Tukaketi hivyo, watu wawili wa tumbo moja, kila mmoja na chumba chake.

Ni yeye aliyepata jibu. Alisema atamwuliza wifi, mjane wa kaka. Mimi nilikuwa nimemsahau, nakiri, kama tunavyowasahau wajane baada ya arobaini. Wifi ndiye aliyemwosha kaka miezi yake ya mwisho. Hakuna kitu cha mwili wa binadamu kinachomfanya atazame pembeni. Dada aliponipigia kesho yake alisema wifi hakutaka maelezo yoyote. Alisema tu, "Lini?"

Walikwenda wawili mpaka Dar es Salaam. Kabla hawajaondoka nilimtaka dada anitajie kwa mdomo wake atakachokunywa, naye akanitajia, akilalamika kwamba nimekuwa kama mwalimu wa darasa la kwanza. Walimkuta na vinyama viwili, vidogo, vikatolewa. Wifi ndiye aliyenisomea majibu kwenye simu, neno kwa neno, na mwishoni akasema anasikitika kwamba zamani hatukujua. Nikasema na mimi nasikitika. Tunaongea kila Ijumaa sasa, sisi watatu. Chumba changu bado ni kile kile, na siku nyingine sita za wiki bado ni ndefu.

Wewe fanya hivi. Mpigie leo ndugu yako wa tumbo moja, au mzazi wako kama yuko hai. Muulize kama yupo katika nyumba yenu aliyewahi kuwa na saratani ya utumbo au kutolewa kinyama, na alikuwa na umri gani. Kisha nenda zahanati iliyo karibu nawe, mwambie muuguzi jibu ulilopewa, na muulize wewe upimwe lini.